Matangi Yaliyoandikwa Maji

Kabla hajakubali tangi lolote, Fundi aliingiza kichwa ndani yake mpaka mabega yakazuia, akakaa humo. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilidhani amekwama, nikamwita askari wa getini tumvute miguu. Sauti ikatoka ndani ya chuma, nzito, kama ya mtu aliye kisimani: "Wacha kelele, Bwana Stoo. Nanusa."

Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, na nyumba nilipanga Kitengela, kwa hivyo nilimjua pande zote mbili. Kazini alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na nyumbani alikuwa jirani ambaye grinda lake la kukatia chuma lilianza kulia kabla chai yangu haijachemka. Nilimjua hivyo kwa miaka kama kumi. Jina lake la ubatizo niliandika mara nyingi kwenye risiti, lakini hakuna aliyelitumia, na hapa pia silitumii. Kitengela nzima ilimwita Fundi, kana kwamba wale wengine wote waliojipanga kando ya barabara ya Namanga walikuwa wanajaribu tu. Alikotoka sijui. Wamaasai walimsalimu "Supai" naye akaitika "Epa" bila kutafuta neno, na mke wangu, ambaye ni Mbukusu kama mimi, aliapa kwamba mtu anayekata tonge namna ile hawezi kuwa ametoka mbali na kwetu. Mwenyewe ukimuuliza alisema ametoka nyumbani asubuhi.

Ilikuwa miaka ya viwanda kufungwa. Kila baada ya miezi michache kulikuwa na mnada mahali fulani, na vitu vilivyokuwa vimetunyima usingizi kwa kuharibika vikauzwa kwa kilo. Matangi ya maziwa, ya mafuta ya kupikia, ya sharubati, yote yakatolewa nje yakapigwa jua. Wanunuzi wengine waliyakata wakafanya mageti na majiko. Fundi aliyakata akafanya vyombo vya kutengenezea pombe. Alilikata tangi juu, akalifupisha, akalipa miguu mitatu na kifuniko kinachokaa vizuri, kisha akatoboa mahali pa mfereji, vidole vinne juu ya kitako, si vitatu wala vitano. Alipima kwa mkono wake mwenyewe, kwa hivyo matangi yote ya pombe kutoka Kitengela mpaka Isinya yalikuwa na kipimo cha mkono wa mtu mmoja. Vile vidole vinne vilikuwa vya machicha. Machicha yakitulia chini, kinachotoka mferejini ni safi.

Mama mmoja aliyeuza busaa, pombe ya unga, alimlalamikia mbele yangu. "Fundi, hiyo unaniachia huko chini ni mingi. Hiyo ni jagi mzima."

"Hiyo ni ya tangi, mama."

"Tangi inakunywa?"

"Wewe weka mfereji chini kabisa uone vile wateja watakunywa matope. Watakuja kukusalimia na mawe."

Alikuwa na ulimi hivyo. Kumkosea adabu Fundi ilikuwa rahisi sana, maana kila kitu kilimuudhi: mtu kugonga tangi kwa pete, mtu kusema "kamtungi" badala ya tangi, mtu kuleta chuma chenye kutu akakiita kipya. Lakini mteja aliyekuja amekasirika hakuondoka bila chai. Alimkaripia huku akimmiminia.

Swali lake lilikuwa moja tu, na hakuwahi kununua bila kuliuliza. "Hii ilibeba nini?" Ukimjibu haraka mno alikutilia shaka. Ukisema hujui alikushukuru, akaondoka bila tangi. Nilimwona akiacha tangi la chuma cha pua, zuri, linalong'aa, kwa sababu tu mwenye nalo alisema, "Sijui, lakini lioshe tu." Njiani kurudi alinung'unika mpaka Kitengela. "Lioshe tu! Chuma haioshwi hivyo. Chuma iko na kumbukumbu kushinda mke. Utaweka siki leo, na mjukuu wako akunywe siki."

Baada ya kuuliza, alinusa. Baada ya kunusa, alilijaza tangi maji, akalifunika, akaliacha siku tatu. Siku ya tatu mteja aliitwa. Fundi alifungua mfereji, akakinga kikombe cha bati, akanywa mwenyewe, wote wakimtazama, kisha akaketi kwenye debe na kuanza mazungumzo ya kawaida, habari ya mvua, habari ya ng'ombe. Mteja akinyoosha mkono apewe naye aonje, aliambiwa angoje. "Ngoja kwanza tuone kama nitaanguka." Watu walicheka. Yeye hakucheka hata siku moja. Nusu saa ikipita ndipo alipomkabidhi mteja kikombe, na hapo biashara ikawa imeisha.

Mtu aliyechunga matumbo ya wenzake namna hiyo ungetegemea ajichunge mwenyewe, lakini wapi. Alichomelea na miwani ya jua ya kununua sokoni, ile ya vijana wa kutembeza maringo. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Mashati yake yalikuwa na matundu ya cheche kifuani, na mke wake alisema ameacha kuyashona kwa sababu anashona hewa. Nilipomletea miwani ya kiwandani, ya kweli, aliiweka kwenye msumari ukutani, akanishukuru, na ikakaa hapo mpaka ikashika vumbi. Alisema inamfanya aone kazi kama iko mbali.

Jambo lililotuchekesha wengi ni kwamba hakuwahi kunywa. Si kwamba aliacha, hakuwahi kabisa. Alikuwa mzee wa kanisa letu, anayeketi benchi la mbele pamoja na wazee wengine watano, anayepokea sadaka na kusimama wakati wa matangazo, na kanisa lenyewe lilikuwa la kukemea pombe Jumapili mbili kati ya tatu. Sijui alijieleza vipi kwa Mungu wake. Kwetu sisi alijieleza kwa brashi. Kila tangi lililokamilika aliliandika ubavuni kwa rangi ya buluu, herufi kubwa za mkono wa shule: MAJI. Tangi la busaa liliandikwa MAJI. Tangi la muratina la jamaa wa Ngong liliandikwa MAJI. "Mimi nauza chombo," alisema. "Nimeandika ni ya nini. Ukienda kuweka kitu ingine, hiyo ni shauri yako na chifu."

Mchungaji alikuja siku moja kuagiza tangi la kanisa, la maji ya kweli. Akasimama uani, akatazama matangi manane yaliyojipanga, yote yameandikwa.

"Fundi," akasema, "hawa watu wa Kitengela wako na kiu."

"Jua ni kali, Pasta."

Mchungaji akatazama juu, akakubali kwamba jua lilikuwa kali. Alikuwa mtu mwema na hakutaka kujua zaidi. Waumini pia walikuwa hivyo, kila mmoja alijua na kila mmoja alisoma maandishi.

Lakini kulikuwa na mstari asiouvuka. Vijana wawili walimjia na gari safi wakitaka tangi lenye mfuniko wa kubana na bomba la shaba lililozungushwa kama springi ya godoro. Hiyo haikuwa busaa, hiyo ilikuwa chang'aa, pombe kali ya mvuke. Walisema watalipa mara dufu. Fundi aliweka nyundo chini.

"Mimi nachomea tangi," akasema. "Jeneza nenda kwa seremala."

Mmoja wao akacheka. "Buda, ukikataa si tutaenda tu kwa mwingine."

"Nendeni. Mimi nataka tu isikuwe ni mkono yangu."

Waliondoka wakitimua vumbi, na mwingine aliwatengenezea, maana bomba lile lilionekana baadaye limepakiwa nyuma ya gari la polisi. Fundi hakusema lolote juu ya hilo. Alikuwa mtu wa kunung'unikia vitu vidogo. Vikubwa alivinyamazia.

Mama yangu ndiye mtu pekee niliyemwona akimshinda. Alikuja kutoka Bungoma wakati mdogo wangu alipokuwa anaoa, na akataka busaa itengenezwe hapa hapa, na kibali cha chifu kipo. Mama alikuwa amepika busaa kwa vyungu tangu kabla sijazaliwa. Alipoletewa tangi, alilizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Pombe kwa bati?" akaniuliza kwa Kibukusu, lakini Fundi alielewa uso.

"Mama, onja maji kwanza," akasema, kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama akaonja. Akaonja tena. Kisha akaingiza mkono kwenye tangi, akapapasa pale chuma kilipounganishwa, kwa ncha za vidole, polepole, akasimama mahali pamoja. "Hapa," akasema. "Hapa patashika unga. Patachacha peke yake." Fundi akainama, akapapasa, akakuta kivimbe kidogo kuliko punje ya wimbi. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kukosolewa. Alikisaga mpaka kikaisha, na tangu siku hiyo kila tangi alilipapasa ndani akiwa amefumba macho. Mama alirudi nyumbani akiwasimulia wanawake wenzake kwamba Kitengela kuna mwanamume anayejua chungu.

Napenda kumkumbuka hapo. Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi nilipomsimulia mtu habari za Fundi niliishia hapo. Lakini nimekuwa nikizunguka jambo, na sasa nilifikie.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mvua ilinyesha miezi mingi mfululizo. Paa la stoo yangu lilivuja juu ya kabati la mafaili. Niliripoti mara moja, nikaandikiwa kwamba itashughulikiwa, na mimi badala ya kulisogeza kabati nikaliacha. Uvivu tu, hakuna jina lingine. Karatasi za vyombo vya zamani, kila tangi lilibeba nini na lilipakwa nini, zikawa uji. Nilizitupa nikanyamaza. Kiwanda kilikuwa kinapunguza watu, na mtunza stoo aliyepoteza mafaili yake alikuwa mtu wa kupunguzwa kwanza.

Kisha mnada ukaja, na kati ya vitu vya kuuzwa kulikuwa na matangi ya chuma yaliyofanana, yenye rangi nyeupe laini ndani kama ya sahani ya chai. Yalikuwepo kabla yangu. Fundi akaingiza kichwa katika moja. Akakaa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Haina harufu," akasema alipotoka. "Hiyo ndio sipendi. Ilibeba nini?"

Meneja alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu na kalamu mkononi. Watu walikuwa kwenye foleni. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, sijui, na yeye angenishukuru akaenda zake, lakini meneja angegeuka kuuliza kwa nini sijui.

"Sharubati," nikasema.

"Na hii rangi ya ndani?"

"Ni ya chakula."

Akanitazama kwa macho yake mekundu. "Uko na hakika?"

"Niko na karatasi yake pale ndani."

"Sawa," akasema. "Kama ni wewe umesema." Akanipiga bega, akaenda kulipa.

Tangi hilo lilichukuliwa na familia moja ya upande wa Kajiado. Kijana wao alikuwa anaposa, na kwa Wamaasai watu wa mume hupeleka pombe ya asali kwa wakwe, ile wanayoiita enaisho, inayochachushwa kwa mizizi ya msubili ndani ya kibuyu. Wageni walikuwa wengi mno kwa kibuyu. Kijana alikuwa amefanya kazi mjini, ameona matangi ya Fundi, akawashawishi wazee. Fundi alifanya kama kawaida. Alijaza maji, akangoja siku tatu, akanywa, akaketi, hakuanguka. Maji yalikuwa matamu.

Ila busaa na enaisho hazitengenezwi namna moja. Enaisho huwekwa karibu na moto. Mzee aliyepewa kazi hiyo alilisogeza tangi motoni kama alivyosogeza vibuyu maisha yake yote, akaligeuza upande huu na upande ule lipate joto sawasawa, siku baada ya siku. Hakuna aliyemwambia Fundi kwamba litakaa motoni, kwa sababu kwao hilo ni jambo la wazi ambalo mtu mzima haambiwi. Naye hakuuliza, kwa sababu wateja wake wengi walikuwa wa busaa. Kibuyu kinapenda moto. Ile rangi nyeupe haikuupenda. Joto na uchachu wa asali viliilegeza, ikaingia kwenye pombe kidogo kidogo, na asali ikaifunika ladha.

Wazee walikunywa, wa kwanza akiwa babu yake bwana harusi, aliyetoa baraka. Kabla ya adhuhuri watu kumi na zaidi walikuwa wamelala nyasini wakitapika. Walipelekwa hospitali kwa pikapu tatu. Wote walipona isipokuwa yule babu, ambaye alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi akawa mtu wa kuketishwa na kuinuliwa. Posa ilivunjika. Wakwe walisema hawawezi kutoa binti kwa baraka iliyotapikwa, na nani angewalaumu.

Fundi alilirudisha tangi kwa gari la kukodi, akalipasua katikati. Nilikuwepo. Rangi ilikuwa imeinuka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Aliibandua kipande, akakiweka kiganjani, akaniambia, "Bwana Stoo, kesho utanisindikiza kwa hao watu wa Kajiado. Si vizuri mtu kwenda peke yake na neno kama hilo."

Nikamsindikiza. Mungu anisamehe, nilivaa koti langu la Jumapili nikamsindikiza. Tulikaribishwa maziwa, yangu nikayashika tu mkononi. Fundi akasema kwa Kimaa, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu, kwamba tangi lilikuwa lake, mkono ulikuwa wake, na amekuja kusikia watakachosema. Mjomba wa kijana, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akauliza:

"Ni nani alikwambia hiyo ni tangi ya chakula?"

Fundi hakunitazama.

"Niliuliza," akasema. "Nikajibiwa. Nikakubali. Kukubali ni kwangu."

Mjomba akanigeukia kwa heshima, kama mgeni. "Na wewe, mzee, uko na neno?"

"Hapana," nikasema. "Nimemsindikiza tu."

Alitozwa mtamba na kondoo, akatoa. Alidhani karatasi ndiyo iliyonidanganya. Njiani alinifariji kwamba hizo karatasi za viwanda huandikwa na watu walio ofisini ambao hawajawahi kuona tangi. Nilimwacha aseme.

Halafu kanisa. Habari za hospitali zilipofika Kitengela, hakuna aliyeweza tena kusoma maandishi ya buluu na kuishia hapo. Wazee wenzake wakakutana bila yeye, na Jumapili iliyofuata Fundi akaketi benchi la nyuma, karibu na mlango, kati ya akina mama wenye watoto wachanga. Aliimba kama kawaida. Nilikuwa naketi safu ya nne, na kila nilipoinuka kuimba nilihisi macho yake mgongoni, ingawa najua hayakuwepo, alikuwa mtu wa kufumba macho akiimba. Hakutengeneza tena tangi la pombe. Wateja wa mageti hawakumtosha. Mwaka mmoja na nusu baadaye alipakia grinda na mke wake kwenye lori akahamia Illasit, huko kwa wakulima chini ya mlima, na uani pake pakajengwa nyumba za kupangisha.

Nilikaa na jambo hili miaka saba. Kiwanda kilinipunguza hata hivyo, kwa sababu isiyohusiana na mafaili, na ile kazi niliyoilinda ikaisha kwa barua ya mistari minne. Mke wangu ndiye niliyemwambia kwanza. Hakunikemea. Aliniambia, "Sasa unaniambia mimi nifanye nini nayo?" Wiki iliyofuata nikapanda basi kwenda Loitokitok, na kutoka hapo nikashuka Illasit, nikauliza fundi wa kuchomelea, nikaelekezwa kabla sijamaliza swali.

Alikuwa anatengeneza fremu ya tangi la kunyweshea nyanya. Alikuwa amekonda, na alinitambua kwa sauti kabla ya sura, kwa kuwa macho yalikuwa yamechoka sana. "Bwana Stoo! Ni wewe ama ni mzuka yako?" Mke wake akaleta chai. Tukazungumza habari ya mvua, habari ya bei ya vitunguu. Nikaona nikingoja zaidi nitarudi na basi lile lile bila kusema, kwa hivyo nikasema yote kwa pumzi moja, tangu paa lililovuja mpaka yale maziwa ya Kajiado. Nikasema hapakuwa na karatasi. Nikasema nilikuwa sijui, na nilijua kwamba sijui. Nikasema samahani, na nikalia, mzee mzima, mbele ya mke wa mtu.

Fundi aliweka kikombe chini. Alinyamaza, na nimekwisha kukueleza aina ya vitu alivyovinyamazia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa pia, niseme ukweli, kwa msamaha, na njia nzima kwenye basi nilikuwa nimeupanga jinsi utakavyokuwa, angenishika bega kama siku ile ya mnada, ningerudi nyumbani nikalala.

"Hiyo siku," akasema mwishowe, "mlikuwa mnauza ngapi za aina hiyo?"

"Aina gani?"

"Tangi. Zenye rangi nyeupe ndani. Mimi nilichukua moja."

Nikafikiri. "Zilikuwa nne."

"Hizo tatu zilienda na nani?"

Nilitaka kusema sikumbuki, lakini nilikuwa nimekuja kumaliza uongo, si kuuongeza. Nikakumbuka. Moja lilichukuliwa na mama mmoja wa Gataka aliyekuwa anafungua hoteli ya chai. Moja lilikwenda kwa jamaa wa Ewuaso Kedong aliyesema anataka kuhifadhia maziwa. La tatu lilinunuliwa na mtu wa shule ya bweni, na nilisaidia kulipakia kwa mikono yangu mwenyewe.

"Na wao uliwaambia nini?"

"Waliuliza kwa sababu walikuwa wamekusikia wewe ukiuliza. Niliwaambia ni ya chakula."

Mke wake akaweka birika mezani taratibu. Mimi niliona uso wa yule mama wa Gataka, jino lake la pembeni lililopasuka, jinsi alivyonishukuru. Miaka saba nilikuwa nimebeba tangi moja. Sikuwa nimeyafikiria yale mengine hata mara moja, hata usiku mmoja, kwa sababu hayakunirudia.

"Fundi, ni miaka mingi," nikasema. "Labda hawayatumii tena. Labda ile rangi imekwisha kutoka."

"Kama imetoka yote," akasema, "imeenda wapi?"

Alisimama, akashika ukingo wa meza mpaka akasimama imara, akamwambia mke wake amtafutie koti na ile tochi ya kutazamia ndani ya matangi. Mke wake hakuuliza maswali. Nilisema ningeweza kumwandikia majina na mahali, aende akiwa tayari, au nimtafutie mtu mwenye macho mazuri.

"Macho haiwezi kusaidia. Mimi siwajui hao watu, wewe unawajua kwa sura," akasema. "Na wewe ndio utaongea. Mimi nitakusindikiza."

Akatoka akatangulia kuelekea barabarani, akipapasa ua kwa mkono. Nikaacha chai nikamfuata.